Mashine ya polishi kwa gari na boti: anza na kilicho chini ya pedi

Kitu cha kwanza muuzaji atakachokutajia ni wati: hii ni 900, ile ni 1,400, kwa hiyo ile ina nguvu zaidi. Hakudanganyi, ila maelezo hayo hayakusaidii kuchagua. Mashine ya wati 1,400 inaweza kuunguza rangi ya boneti ndani ya sekunde chache, na ya wati 900 inaweza kushinda siku nzima kwenye ubavu wa boti iliyopauka bila mabadiliko ya maana. Yanayoamua ni mambo mawili: tabaka lililo chini ya pedi, na jinsi mashine inavyoisogeza pedi hiyo. Ukishayaelewa, maneno mengi ya kwenye boksi unaweza kuyapita.

Unang'arisha nini hasa

Gari nyingi za barabara zetu, zikiwemo zilizotumika Japani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, zimepakwa kwa tabaka: praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Mng'aro unaouona ni wa klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50, na karatasi ya kawaida ya printa ina kama mikroni 100. Klia nzima basi ni nusu ya unene wa karatasi au chini yake, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Kupiga polishi ni kuipunguza klia mpaka uso ushuke ulingane na kina cha mkwaruzo. Kila ukirudia unakula akiba isiyorudishika.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo umeshazama mno kwa mashine yoyote. Lainisha kingo zake ili usionekane sana, uishie hapo. Angalia pia rangi ya pedi baada ya kazi. Gari likiwa jekundu na pedi ikatoka nyekundu, hapo hakuna klia: ama gari lina rangi ya tabaka moja, kama pikapu na malori mengi ya zamani, ama klia imeshaliwa yote. Katika hali ya pili simamisha kazi papo hapo, maana kinachobaki ni kazi ya fundi rangi.

Kipima unene wa rangi ni kifaa kizuri kwa gari la mtumba, kwa sababu hujui limepita mikononi mwa nani. Rangi ya kiwandani husoma kama mikroni 100 hadi 180 kwa jumla ya tabaka zote. Ikisoma zaidi ya 300, sehemu hiyo imepakwa upya au ina filla chini. Ikishuka chini ya 80, weka kompaundi (polishi kali ya kukwangua) kando utumie polishi laini tu. Ila vipima vya bei nafuu husoma juu ya chuma au alumini peke yake. Havisomi bampa la plastiki wala ubavu wa faiba, kwa hiyo usikinunue ukitegemea kikusaidie kwenye boti.

Boti ya faiba ni habari nyingine. Juu yake kuna jelkoti, ambayo ni poliesta iliyochanganywa na rangi tangu juu hadi chini, yenye unene wa karibu nusu milimita: mikroni 400 hadi 800, mara kumi ya klia au zaidi. Una nafasi kubwa ya kukwangua. Tatizo ni kwamba jelkoti ina vitundu vidogo visivyoonekana, na jua la pwani likiipiga mwaka hadi mwaka uso wake hufa na kugeuka unga. Pangusa kwa kidole ubavu wa boti iliyokaa juani Kilifi, Mtwapa au Msasani. Kidole kikitoka cheupe, kuna tabaka lililokufa ambalo lazima liondolewe lote, na hiyo ni kazi nzito kuliko kuondoa mikwaruzo ya kitambaa cha kuoshea gari kwenye mlango. Pedi kutoka na rangi ya boti hakumaanishi hatari hapa, kwa kuwa rangi imo ndani ya jelkoti yenyewe.

Boti ya faiba iliyopakwa rangi juu ya jelkoti ihesabu kama gari. Utaitambua penye pigo au mchubuko: ukiona rangi mbili, moja juu ya nyingine, basi imepakwa. Vyombo vya mbao, jahazi, mashua na ngalawa, havimo kabisa kwenye mjadala huu. Mbao zake hupakwa sifa (mafuta ya samaki) juu na deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) chini, na hakuna pedi itakayoboresha kazi hiyo.

Miendo mitatu ya pedi

Rotari ndiyo ya zamani. Pedi imefungwa kwenye spindo (mhimili unaoizungusha) iliyo katikati, nayo huzunguka upande mmoja bila kuacha. Fanya hesabu: pedi ya mm 150 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake husafiri kama mita 707 kwa dakika, na kitovu chake hakisafiri kabisa. Ukipandisha hadi 2,500, ukingo unafika mita 1,178. Msuguano wote huo unakwenda upande mmoja juu ya sehemu ileile, na ndio unaoipa rotari sifa zake zote mbili: inakwangua haraka, na inachemsha haraka. Pia huacha alama za mawimbi zinazoonekana juani au usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, hata kama ndani ya gereji kazi ilionekana safi.

DA huru (DA ni kifupi cha Kiingereza dual action, yaani miendo miwili) hufanya kazi kwa namna tofauti. Spindo yake imewekwa kando kidogo ya kitovu, hivyo pedi nzima huchora vijiduara vya haraka, na wakati huohuo inajizungukia polepole kwa sababu imekaa juu ya beringi isiyofungwa. Kipenyo cha kijiduara hicho tukiite mchepuko. Mashine za kawaida zina mchepuko wa mm 8, 12, 15 au 21. Hapa ndipo namba ya mizunguko kwenye boksi inapowachanganya watu. Mashine ya mm 8 inayopiga mara 6,000 kwa dakika inaisogeza pedi kama mita 151 kwa dakika. Ya mm 15 inayopiga mara 4,800 tu inaisogeza mita 226. Ya pili ina namba ndogo na inafanya kazi kubwa zaidi. Usilinganishe mizunguko ya mashine mbili kabla ya kuuliza mchepuko wa kila moja.

Udhaifu wa DA huru ni kwamba hakuna kinacholazimisha pedi izunguke. Ukiikandamiza sana, au ukiilaza ubavu, au ukipita juu ya mkunjo wa mudigadi, kule kujizungukia kunakoma na unabaki na mtetemo unaochosha mikono. Watu wengi hudhani mashine ni mbovu. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani, ile inayobeba pedi. Mstari ukionekana unazunguka, pedi inafanya kazi. Ukionekana umesimama, punguza mkono au nyoosha mashine. Kwa upande mwingine udhaifu huohuo ndio usalama wako: pedi inakwama kabla ya kuunguza.

Ya tatu ni DA ya gia. Inachepuka kama DA, lakini kuzunguka kwake kunalazimishwa na gia, kwa hiyo haikwami hata ukiikandamiza. Mfano unaojulikana sana ni FLEX XC 3401 ya Ujerumani, yenye mchepuko wa mm 8. Makita PO5000C ina namna zote mbili, ya huru na ya kulazimishwa, unabadili mwenyewe. DA ya gia huacha uso safi kuliko rotari na hukwangua kwa uhakika kuliko DA huru. Gharama yake ni mikono: inavuta, inatetema, inapasha joto, na kwenye kona haisamehi kama DA huru.

Kwa gari la nyumbani

Nunua DA huru. Kwa mtu anayeshughulikia gari lake na la jirani, mchepuko wa mm 15 na sahani ya mm 125 inayobeba pedi za mm 130 hadi 150 vitatosha sehemu kubwa ya kazi. Kampuni ya Rupes ya Italia huandika mchepuko kwenye jina la mashine, LHR 15 na LHR 21, na watengenezaji wengine wengi nao hufuata ukubwa huo, kwa hiyo si lazima ununue ya bei kubwa ili upate umbo hilo. Mchepuko wa mm 21 unafaa kwa gari lenye bati pana lililonyooka, Hiace au Land Cruiser. Kwenye Vitz au Passo, ambako karibu kila bati lina mkunjo, itakwama mara kwa mara na utamaliza kazi umechoka bila sababu. Mm 8 ni ya polepole, lakini ni rahisi kuongoza na bei yake huwa ya chini. Kwa gari moja dogo inatosha.

Angalia kosa moja linalofanyika baada ya kununua. Ndani ya DA kuna uzito wa kusawazisha uliopimwa kulingana na sahani na pedi iliyokuja nayo. Ukibandika sahani ndogo zaidi ili ufike kwenye kona, au pedi nene ya manyoya kwenye mashine iliyopimwa kwa sponji nyembamba, mtetemo unaongezeka na beringi inakufa mapema. Kwa nguzo za madirisha na vioo vya pembeni tafuta mashine ndogo ya pedi ya mm 75, au fanya kwa mkono.

Grainda yenye pedi ya polishi iache kabisa. Grainda ya mm 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, kasi ya kukatia chuma, na nyingi hazina namna ya kupunguza. Klia huisha kwenye ukingo wa boneti kabla hujaona. Drili yenye pedi ndogo inaweza kusafisha taa zilizofifia, basi. Ukiitumia kwa bati, ule msukumo wa pembeni unaharibu beringi zake. Zile mashine pana za mikono miwili zenye kofia ya kitambaa hupaka nta vizuri, hazikwangui kitu.

Kwa boti ya faiba

Hapa ushauri unageuka. Jelkoti iliyogeuka unga haitii DA huru. Ukiilazimisha, mafuta yaliyomo kwenye kompaundi yanajaza vile vitundu na boti inang'aa jioni ile. Baada ya wiki kadhaa za jua na chumvi, unga unarudi, kwa sababu tabaka lililokufa halikuondoka, lilifunikwa tu. Inahitajika rotari yenye sahani ya kama mm 180 na pedi ya manyoya, au DA ya gia ukiwa na subira zaidi. Kwa rotari kaa kati ya mizunguko 1,000 na 1,500. Manyoya hupitisha hewa na hukwangua kuliko sponji, na jelkoti nene inavumilia.

Pima ukubwa wa kazi kabla ya kuamua. Boti ya mita 6 yenye ubavu wa sentimita 80 juu ya maji ina karibu mita 10 za mraba pande zote mbili, bila sitaha. Ukifanya vipande vya sentimita 50 kwa 50, ni vipande 40. Dakika tatu kwa kipande ni saa mbili kamili za mashine kwa hatua moja, na boti iliyopauka hutaka hatua mbili. Rotari yenye kilo tatu, ikiinuliwa usawa wa bega kwa muda wote huo, inachosha kuliko inavyoonekana dukani. Kwa hiyo unapoijaribu usiishike ikielekea chini kama ilivyo kwenye kaunta. Iinue uielekeze ukutani, mkono mmoja kwenye mpini wa mbele, uone kama swichi inafikika na kama kichwa kinakuvuta.

Utaratibu wenyewe: osha chumvi yote kwa maji baridi (yasiyo ya bahari) na sabuni, acha ikauke, funika vyuma, mipira na stika kwa tepu. Jaribu kipande kimoja kwanza. Kama kompaundi na manyoya havifiki kwenye jelkoti hai, tumia msasa wa maji namba 1000 kisha 1500, ukiloweka muda wote, halafu rudi kwenye manyoya, umalizie kwa sponji na polishi laini. Paka nta au kinga nyingine bila kuchelewa, kwa sababu uso uliofunguliwa unanywa uchafu na chumvi haraka. Usipitishe mashine kwenye sehemu za sitaha zenye vipele vya kuzuia utelezi. Na chini ya mstari wa maji usiguse: rangi ya kuzuia viumbe wanaonata kwenye boti mara nyingi ina shaba, na vumbi lake ni sumu kwa anayelivuta.

Ukitaka moja kwa zote mbili

Mwenye gari na boti ndogo, na uwezo wa mashine moja tu, achukue DA ya gia. Itakuwa nzito kidogo kwa gari na ya polepole kidogo kwa boti, lakini kazi zote mbili zitafanyika. Kununua rotari peke yake kwa matumaini kwamba utajifunza kwenye gari ni uamuzi ninaoukataa: rotari nzuri mikononi mwa mwenye uzoefu ni kifaa bora, ila klia ya gari lako si mahali pa kujifunzia. Kama boti ni kubwa kuliko mita 7 au 8 na imepauka sana, basi mbili: rotari ya boti, DA huru ya gari.

Umeme na mambo ya dukani

Mashine nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka kwenye volti 230 au 240 za Tanzania, Kenya au Uganda zinaungua mara moja, na transfoma ya kuziendesha ni mzigo mzito wa kubeba hadi ufukweni. Spindo nazo hutofautiana. Rotari za Ulaya na Asia zinazouzwa kwetu huwa na uzi wa M14. Za Marekani huwa na uzi wa inchi 5/8. Sahani ya moja haifungi kwenye nyingine, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha duka lina sahani za akiba za uzi wa mashine yako.

Betri inavutia kwa boti iliyo mbali na soketi. Piga hesabu: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Mashine ikila wati 300 kwa wastani, umepata dakika 18. Kwa zile saa mbili za ubavu wa boti utahitaji betri sita au saba, au kuchaji katikati. Kwa umeme wa waya, ekstensheni ya mita 25 iwe na waya wa mm za mraba 1.5 au zaidi na uifungue yote. Nyembamba hupoteza volti, mota inachemka. Boti iwe nchi kavu, viungo vya waya viinuliwe kutoka kwenye mchanga wenye maji, na umeme upite kwenye kikatio kinachozima mkondo ukivuja.

Dukani iwashe. Ianze polepole badala ya kuruka, la sivyo itakurushia kompaundi usoni. Weka kasi ya chini kabisa uone kama inaishika. Mashine isiyo na kidhibiti cha kasi hushuka ikikandamizwa na kuruka ikiachiwa, jambo linaloharibu kazi hata ya mkono mzuri. Uliza kaboni za akiba (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota), maana ndizo huisha kwanza. Mashine ikianza kutoa cheche nyingi na kupoteza nguvu, mara nyingi ni hizo tu. Kisha bakiza pesa ya pedi. Gari moja linataka pedi sita hadi nane, kwa sababu pedi iliyojaa inakoma kukwangua na inaanza kuchemsha. Rangi ya sponji isikuongoze: ya chungwa ya kampuni moja ni kali, ya nyingine ni ya kati.

Siku ya kwanza

Anza na kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, kivulini, bati likiwa la baridi. Weka matone matatu au manne ya polishi, yatandaze kwa kasi namba 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5. Sogeza mashine kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde, mistari ya kwenda na kurudi, halafu ya kukatiza, mara nne hadi sita. Pangusa, angalia kwa tochi kutoka pembeni. Anza na pedi laini na polishi laini. Kali ifuate pale tu laini ikishindwa. Ukipata mchanganyiko unaofaa, ndipo ufanye gari zima.

Unga ukiruka, polishi imekauka au umeweka nyingi mno. Pedi ikibanduka na velkro yake, gundi imeyeyuka kwa joto: kasi ilikuwa kubwa au mkono mzito. Gusa bati kwa kiganja kila baada ya kipande. Likishindikana kushikika, ondoka hapo lipoe. Bampa linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati na rangi yake huvimba mapema. Kingo za milango na mikunjo mikali ya bati zifunike kwa tepu, kwani huko rangi huwa nyembamba na pedi hukandamiza zaidi. Toa tepu mwishoni, na kingo hizo uzimalizie kwa mkono kwa pedi ya sponji na polishi laini.